Gari umeishusha na tairi zinakwangua? Weka grainda chini kwanza

Toyota Altezza yangu niliishusha hata mwezi haujaisha tangu niinunue, nikavua rimu zake za inchi 17 nikafunga za 18, na siku hiyo hiyo natoka gereji, tuta la kwanza tu, krrrrr, nyuma kulia. Nikageuza. Fundi akaja na grainda (mashine ya kukatia bati) mkononi kabla hata hajainama kuchungulia, akasema hiyo ni midomo ya madigadi bosi (kingo za bati linalofunika tairi), tunaipunguza kidogo, dakika kumi umeondoka. Na mimi nikakubali, si unajua tena ukiwa na rimu mpya akili inakuwa likizo. Akakata. Nikatoka, tuta lile lile, krrrrr.

Kumbe muda wote ilikuwa skrubu. Pale bampa la nyuma linapokutana na madigadi kuna skrubu imefungwa kwa ndani, kichwa chake kimetokeza, ndo ilikuwa inachana bega la tairi. Ni kazi ya bisibisi dakika mbili, mi nishakatiwa bati ambalo halirudi. Na madigadi ya nyuma sio kama ya mbele ambayo unafungua bolti unaweka nyingine, ya nyuma ni mwili wa gari wenyewe, ule mdomo ni bati mbili, ya nje na ya ndani, zimechomelewa pamoja kwa vinukta, ukikata mdomo umefungua kile kiungo na maji yanaingia katikati, halafu kwa huku kwetu Dar na chumvi hii ya bahari kutu haisubiri mwakani.

Sasa kama gari yako inakwangua na kuna mtu amekushikia grainda, mwambie asubiri. Unatakiwa ujue vitu viwili kabla hujatoa hela, inagusa lini na inagusa wapi. Ukishavijua hivyo chanzo kinajitokeza chenyewe, na mara nyingi dawa yake ni ndogo kuliko ulivyoogopa.

Kutafuta alama

Osha gari, hasa ndani ya madigadi, piga maji ya presha matope yote yatoke maana kwenye matope huoni kitu. Chukua chaki ya kawaida ya shule, paka bega la tairi la nje, la ndani, na ule ukuta wa ndani unaoangalia shokapu, zungusha tairi nzima. Kwenye mdomo wa madigadi na kwenye plastiki ya ndani bandika tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi. Halafu endesha, ila jaribio moja moja. Kwanza uwanjani, taratibu, kata usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, shuka uangalie. Paka tena. Sasa pita tuta ukiwa peke yako, shuka uangalie. Paka tena, pakia watu watatu nyuma, tuta lile lile. Ukifanya vyote kwa pamoja utarudi na chaki imefutika kila sehemu na hujui ipi ni ipi, mi nilifanya hivyo jumamosi nzima nikaambulia jua.

Hata bila chaki kuna vitu vinasomeka. Bati iliyobanduka rangi na kumeta, pamoja na mstari mpana kwenye bega la nje la tairi, huo ni mdomo wa madigadi. Mchano mwembamba kama umepitishwa wembe ni skrubu au klipu. Plastiki imelainika na kung'aa, hiyo ni plastiki tu, haitishi. Lakini ukikuta ukuta wa ndani wa tairi umesuguliwa mpaka unateleza, hapo tairi inagusa shokapu, springi au chesisi, na gari hiyo usiitoe safari mpaka ujue, kwa sababu ukuta wa tairi ni mwembamba, hauzibwi kiraka ukakubali, na ukipasuka kwenye spidi hupati onyo. Ukiona nyuzi zimetokeza tairi hiyo imekwisha, usibishane nayo. Ukiwa huko ndani angalia pia waya wa ABS (ule wa mfumo wa kuzuia breki zisifunge tairi) na mpira wa breki, navyo huwa vinasuguliwa kimya kimya.

Kama unataka kuona kwa macho bila kuendesha, panda na gurudumu la mbele kushoto kwenye mbao nene, na la nyuma kulia kwenye mbao nyingine. Gari ikisimama mshazari hivyo zile pembe mbili zinabonyea, sasa mtu akate usukani wewe unachungulia na tochi ya simu. Vidole usiingize. Bandika udongo wa kuchezea watoto pale unapopashuku, ukibanwa utakuonyesha nafasi imebaki kiasi gani.

Na pima. Sio kutoka chini, pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka mdomo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Sababu ya kutopima kutoka chini nakuja nayo hapa.

Hesabu ambayo ningeifanya kabla ya kununua rimu

Geuza rimu, kwa ndani utakuta imeandikwa kitu kama 18x8.5J (kipenyo inchi 18, upana inchi 8.5) na +35, au ET35. Ile ya mwisho ndo ofuseti, yaani uso unaofungwa kwenye habu (kitovu kinachoshika gurudumu) umesogea milimita ngapi kutoka katikati ya upana wa rimu, na namba ikiwa ndogo rimu inatoka nje zaidi. Altezza RS200 ilitoka kiwandani na 17x7J +50, tairi 215/45R17 (upana mm 215, urefu wa ukuta asilimia 45 ya upana, rimu inchi 17). Inchi 7 nusu yake ni mm 89, toa 50 inabaki 39, hiyo ndo rimu imetokeza nje ya habu. Rimu nilizonunua ni 8.5J +35, nusu yake ni 108, toa 35 inabaki 73. Kwa hiyo ukingo wa rimu umekwenda nje mm 34. Sentimita tatu na nusu kasoro! Kwa ndani unajumlisha badala ya kutoa, 89 na 50 ni 139, 108 na 35 ni 143, imeingia ndani mm 4 tu. Ningejua hiyo hesabu nisingeshangaa kwanini nyuma kunakwangua nje na shokapu iko salama.

Halafu tairi. 215/45R17 kipenyo chake ni kama mm 625, 225/40R18 niliyofunga mimi ni 637, kwa hiyo kutoka katikati kwenda juu imeongezeka mm 6. Sasa ukishusha gari mm 30 na kufunga tairi hiyo, nafasi kati ya tairi na madigadi imepungua mm 36, wakati ukipima kutoka chini unaona gari imeshuka 24 tu, maana tairi kubwa imeinyanyua. Ndo maana nimesema pima kutoka katikati ya rimu, kupima kutoka chini kunakudanganya pande zote mbili.

Kitu kingine, tairi mbili za kampuni tofauti zote zimeandikwa 225 zinaweza kupishana upana halisi na umbo la bega, moja ina bega la mraba nyingine la mviringo. Jirani ana saizi kama yako haigusi, yako inagusa, wala hajakuloga.

Inakwangua ukikata usukani mpaka mwisho

Hii ni ya mbele na mara nyingi ndo nyepesi kuliko zote. Ukiwa unaingia pakingi au unageuza, unasikia mkwaruzo wa polepole, gari ikinyooka unapotea. Angalia alama ziko wapi. Zikiwa kwenye plastiki upande wa mlango au upande wa bampa, ipashe moto kwa hitigani (mashine ya kupuliza hewa ya moto), hata drai ya saluni yenye nguvu inasaidia, ikilainika isukume kwa kitambaa ukaishikilie mpaka ipoe. Klipu zilizopotea rudisha, nusu ya plastiki zinazogusa huku kwetu ni kwa sababu mtu alifungua akarudishia klipu mbili kati ya nane. Ikibidi kukata kata plastiki kwa kisu, kidogo, ila angalia nyuma yake kuna nini, kwenye gari nyingi tenki la maji ya waipa na nyaya vinakaa huko huko, na usiitoe yote ukaacha wazi maana tope litaingia mpaka kwenye bawaba za mlango.

Alama zikiwa ndani, kwenye chesisi au kwenye mkono wa chini unaoshika gurudumu (loa ami), tairi ni pana mno au rimu imeingia ndani mno. Spesa, yaani kisahani kinachowekwa kati ya habu na rimu, ya mm 3 mpaka 5 inatosha mara nyingi, lakini spesa ina masharti. Nati lazima ishike uzi wa kutosha, Toyota bolti zake ni M12x1.5 (unene mm 12, hatua ya uzi mm 1.5), kwa hiyo hesabu mizunguko ya nati kuanzia inaposhika mpaka inapokaza, isipungue 8, Subaru ni M12x1.25 isipungue 10. Ikipungua, badilisha bolti za habu uweke ndefu au achana na spesa. Na tundu la katikati liwe saizi ya habu, Toyota kama Altezza ni mm 60.1, Subaru ni mm 56.1, ukiweka yenye tundu kubwa usukani unaweza kutetemeka kwenye spidi na utazungushwa kwenye wili balansi mpaka uchoke. Kaza kwa spana ya kipimo, Altezza ni kama 103 Nm, na ukishatembea kilomita 50 hadi 100 rudia kukaza.

Inagusa ukikata kulia tu na kushoto haigusi? Angalia tairodi, ile fimbo inayosukuma gurudumu likate. Kuna mafundi wa alaimenti (kunyoosha magurudumu) wakitaka kunyoosha usukani wanazungusha tairodi ya upande mmoja, gurudumu linanyooka sawa lakini sasa upande mmoja unakata zaidi ya mwingine. Linganisha nyuzi zilizobaki nje kushoto na kulia.

Inakwangua kwenye matuta na mashimo

Hapa ndo penye kesi nyingi, na hapa ndo bati za watu zinaisha. Matuta yetu hayana kipimo, kuna rasta za kugugumiza tu na kuna tuta la mtaani limejengwa na wananchi wenye hasira baada ya mtoto kugongwa, springi inabonyea mpaka mwisho wake. Kazi ya kuzuia isifike mwisho kabisa ni ile raba inayovaa kwenye fimbo ya shokapu. Chungulia. Wengi ukichungulia haipo, imeoza ikadondoka vipande, au fundi aliikata ili gari ishuke zaidi. Raba mpya yenye urefu sahihi imeshamaliza kelele kwenye gari ambazo watu walikuwa tayari wameshapanga kuzikata.

Pili, springi zako zimeshushwaje? Kama ni za kukatwa, piga jeki mpaka gurudumu lining'inie halafu shika springi kwa mkono uitikise. Ikicheza, acha habari za tairi, hilo ndo tatizo lako, maana siku gari ikiruka shimo springi inaweza kukaa vibaya kwenye kikombe chake. Kama ni za kuchomwa na gesi ndo mbaya zaidi, chuma cha springi kikishapata moto ule kinapoteza ukakamavu, na hakipotezi sawa kushoto na kulia, leo gari iko sawa, wiki mbili zijazo upande mmoja umelala na unakwangua. Najua ni bei rahisi. Mi msimamo wangu huo, springi fupi zilizotengenezwa fupi au koilova (shokapu na springi zake unazoweza kupandisha na kushusha), kama hela haijafika gari ikae juu kwanza.

Mwenye koilova ana bahati, pandisha mm 10 ujaribu tena. Inauma najua, lakini mm 10 hakuna anayeiona barabarani zaidi yako wewe.

Kama bado inagusa mdomo wa madigadi, ndo ukunje. Nasema kukunja, sio kukata. Kwanza toa au geuza ile skrubu ya bampa niliyosema. Halafu pasha rangi kwa hitigani mpaka bati iwe ya moto kiasi cha kushindwa kuweka mkono muda mrefu, rangi baridi inapasuka. Kuna mashine ya kukunjia inafungwa kwenye habu, mwenye nayo akiwa mstaarabu inatoka safi, wengine wanatumia mpini wa jembe kati ya tairi na mdomo huku gari inasukumwa mbele na nyuma, inafanya kazi ila mkono ukizidi bati inabenuka nje kama sikio. Kidogo kidogo, zunguka mara nne tano, usitake kumaliza kwa mara moja. Ukimaliza pitisha silanti (gundi ya kuziba maji) kwenye mkunjo na rangi ya kuzuia kutu hata kama huoni mpasuko.

Njia nyingine ni kulaza tairi kwa juu kuingia ndani, yaani kemba. Kila digrii moja inaingiza kichwa cha tairi kama mm 5. Subaru Impreza nyingi mbele ile bolti ya juu kati ya mbili zinazoshika shokapu ni ya kurekebishia kemba, hununui kitu. Gari yenye mikono miwili, ya juu na ya chini, kama Altezza, inajilaza kidogo yenyewe ukiishusha. Usizidishe, na kila ukigusa urefu au kemba lazima uende alaimenti, maana tairi zikiangalia pembeni hata kidogo bega la ndani linaisha na wewe unaona nje bado mpya.

Inakwangua ukipakia watu nyuma tu

Hapa watu wanauziwa shokapu bure. Anayebeba uzito wa gari ni springi, shokapu kazi yake ni kutuliza mtikisiko. Kwa hiyo pakia watu gari ikiwa imesimama, chungulia. Kama tairi imeshakaribia mdomo kabla hata hujaondoka, springi zimechoka au ni laini kwa mzigo huo, shokapu mpya haitanyanyua kitu cha maana. Kama nafasi ipo vizuri ila ukipita tuta gari inadunda mara mbili tatu na mkwaruzo unakuja kwenye mdundo wa pili, hapo ndo shokapu. Vyote vikiwa sawa basi ni tairi na rimu, rudi kwenye hesabu.

Ukikanyaga breki au ukirudi rivasi

Hii isikie vizuri. Gari imenyooka, hakuna tuta, unakanyaga breki mbele panagusa plastiki. Gurudumu linasogea mbele na nyuma ndani ya madigadi, na halitakiwi. Bushi za loa ami zimekufa. Mtu akae kwenye usukani amekanyaga breki, injini inanguruma taratibu, aingize D, aingize R, arudie, wewe simama pembeni, sio mbele ya gari, angalia gurudumu. Likisogea kwa kuonekana, ni bushi. Ukiwa hapo piga jeki uangalie na bolijointi (kiungo cha duara kinachounganisha mkono na gurudumu) kwa mtaimbo, ikicheza usiseme utabadilisha mwisho wa mwezi, ya chini ikichomoka gurudumu linalala na gari inapiga magoti barabarani. Kufungia spesa au kukata plastiki kwenye gari yenye bushi zimekufa ni kuficha ugonjwa.

Upande mmoja tu

Angalia vipimo ulivyoandika. Kushoto na kulia vikipishana mm chache ni kawaida, zikifika 10 kuna kitu, springi imekatika mzunguko wa mwisho (inatokea sana, na haionekani mpaka uoshe), au koilova haijafungwa sawa, au gari ilishawahi kugongwa kabla haijapanda meli kutoka Japani. Vikiwa sawa, hamisha gurudumu la kulia uweke kushoto. Kelele ikihama na gurudumu, ni rimu au tairi, soma namba zake, nimeona seti ya mtumba ambayo rimu tatu ni +38 na moja ni +30. Kelele ikibaki pale pale ni gari.

Na kuna ambayo sio tairi kabisa. Mlio mwembamba wa bati muda wote ni lile bati la nyuma ya diski limepinda, linyooshe kwa mkono. Mpapatiko unaoanza kwenye spidi 80 na kupotea ukipunguza ni plastiki inapigwa upepo. Mvumo unaobadilika ukiyumbisha usukani kidogo kushoto kulia ni beringi.

Yangu iliishia hivi, skrubu ikageuzwa, gari ikapanda mm 10, tairi nikarudi 215/40R18 ambayo kwa juu inarudisha mm 4. Tuta lile napita na watu wanne, kimya. Mdomo uliokatwa niliuchomelea nikapaka silanti, na kila masika yakiisha naupiga msasa naupaka tena, mwaka huu kutu imeanza kutokea upande wa pili wa rangi.